Macho Mekundu: Rangi na Jirani Yake

Niseme mapema ninachotetea, msomaji asije akafika katikati akajiuliza huyu kijana anatupeleka wapi. Hakuna rangi yenye maana peke yake. Rangi hupata maana kutoka kwa jirani yake: rangi iliyo pembeni, mwanga unaoiangukia, kitu kilichoibeba. Wachoraji wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Sisi tunaojifunza kuandika tunalisahau, na huku kwetu Kanda ya Ziwa usahaulifu huo una gharama kubwa kuliko sentensi mbovu.

Mimi husoma sana miswada ya wenzangu, ya kwenye madaftari na ya kwenye simu. Rangi zake nazijua kabla sijaanza. Jua litazama likiwa jekundu kama damu. Ziwa litakuwa la buluu. Msichana atakuwa na meno meupe pe. Jambazi atakuwa mweusi tii. Na akitokea bibi kizee mwenye macho mekundu, bwana, usijisumbue kusoma hadi mwisho: huyo ndiye mchawi. Mwandishi ameshakuuzia siri yake katika ukurasa wa pili, na wala hakujua kwamba ameiuza.

Wapo watakaosema rangi ni urembo tu, mambo makubwa katika riwaya ni dhamira na wahusika. Siwaungi mkono. Nitaanza na wachoraji, kisha nitarudi kwetu, na mwisho nitarudi kwa huyo bibi.

Weusi uliopauka

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kazi ya kusimamia upakaji wa rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichokuwa kikifuma mazulia makubwa ya kutundika ukutani. Malalamiko yalikuwa mengi, na mojawapo lilihusu nyuzi nyeusi: eti zimepauka, hazina nguvu. Chevreul akazichunguza. Akagundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani. Uzi mweusi uliofumwa karibu na buluu iliyokoza au zambarau ulionekana dhaifu, ingawa uzi ule ule ukiwekwa karibu na rangi nyingine ulionekana mweusi barabara. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na wachoraji wa Ulaya wakakisoma kwa miaka mingi.

Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo ndipo wachoraji wanapozungumzia mpangilio wa rangi. Wanazipanga katika duara: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau, halafu unarudi kwenye nyekundu. Rangi zinazotazamana katika duara, kama nyekundu na kijani, au chungwa na buluu, zikiwekwa pamoja kila moja inaichochea nyingine, jicho linashtuka. Rangi zinazokaa jirani katika duara, kama manjano, chungwa na nyekundu, zinasikilizana, picha inatulia. Unaweza pia kutumia rangi moja tu katika viwango vyake, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Na zipo rangi za joto, za ukoo wa moto, ambazo huonekana kumsogelea mtazamaji, na rangi za baridi, za ukoo wa maji, ambazo huonekana kurudi nyuma.

Usidhani haya ni mambo ya wasomi. Nenda soko lolote la Mwanza. Muuza machungwa akiyapanga katika beseni la buluu, machungwa yanaita watu. Ayaweke katika beseni la manjano, yatazama humo humo. Nyanya zikilala juu ya majani mabichi zinaonekana nyekundu zaidi kuliko zikilala juu ya gunia. Biashara imemfundisha mama yule alichoandika Chevreul, tena bila kitabu.

Au itazame bendera ya Taifa, iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa pili, na katikati mkanda mweusi unaopita mshazari. Sasa fikiri: mweusi katikati ya kijani na buluu ungemezwa, maana zote tatu ni rangi nzito. Kinachouokoa ni ile mistari miwili myembamba ya manjano kandokando yake. Shuleni tulifundishwa kwamba manjano ni madini. Sawa. Lakini kabla ya kuwa madini, manjano yale yanafanya kazi ya mlinzi: yanazuia rangi tatu zisimezane. Maana tunaambiwa na mwalimu, kazi tunaiona kwa macho. Katika sanaa vyote viwili vinahitajika, ila kazi hutangulia.

Makopo machache

Sasa turudi ziwani. Wasukuma walikuwa na chama cha wacheza nyoka, Bayeye, na wanachama wake walichora picha katika kuta za ndani za nyumba walimokutania na kuwafundishia wanachama wapya. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya mkoloni, alizinakili picha hizo na kitabu chake kikatoka London mwaka 1953. Humo kuna nyoka, watu, na viumbe vya masimulizi. Rangi zao zilikuwa chache, za kutoka ardhini na jikoni: nyeupe, nyeusi, nyekundu ya udongo. Ukiongeza rangi ya ukuta wenyewe, basi. Hakuna kijani, hakuna buluu, hakuna zambarau.

Vijana wengi wakiona picha za namna ile husema ni umaskini wa vifaa. Mimi nasema tazama vizuri. Nyoka mweupe juu ya ukuta wa udongo anaonekana kutoka mlangoni. Ukimwekea madoa meusi, mwili wake unaanza kutembea, kwa sababu jicho linaruka kutoka doa hadi doa. Rangi mbili tu na nyoka anatambaa! Aliyechora hakuwa na nafasi ya kupoteza rangi hata moja, kwa hiyo kila moja ilipewa kazi. Ukivuka mpaka, katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya wa ziwa hili hili, kuna michoro ya kale zaidi kwenye miamba: duara ndani ya duara, kwa nyekundu na nyeupe. Rangi mbili, na mpaka leo mtu anasimama mbele yake anaduwaa.

Tukitaka mfano wa karibu zaidi, tunaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia silingibodi na rangi za mafuta za makopo, zile za kupakia baiskeli. Rangi hizo zinang'aa na zinakauka ngumu. Hazikubali kirahisi kufifishwa na kuchanganywa juu ya ubao kama rangi za maji. Inabidi uweke rangi moja, usubiri ikauke, uweke nyingine pembeni au juu yake. Ndiyo maana katika picha zake rangi zinapakana wazi wazi kama mashamba ya majirani wanaojua mpaka. Mara nyingi ni mnyama mmoja au ndege mmoja, nyuma yake rangi moja tu, na juu ya mwili vidoa. Ugumu wa kopo ukawa mtindo. Alifariki mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache mno, lakini jina lake likawa jina la sanaa nzima.

Baada yake wamekuja wengi, na wapo mafundi wa kweli kati yao. Lakini zipo pia zile picha tunazozijua sote, zinazotundikwa popote mtalii anapopita: anga la chungwa, jua kubwa, mgunga mweusi, twiga mweusi. Kiufundi si mbaya, tuseme ukweli. Manjano, chungwa na nyekundu ni majirani katika duara, zinasikilizana, na weusi wa mti unazifanya ziwake. Mpangilio ule unafanya kazi, ndiyo maana unauzika. Tatizo langu ni kwamba rangi zile hazikuchaguliwa na mchoraji aliyetazama anga. Zimechaguliwa na ukuta wa sebule ya mnunuzi, huko mbali. Simlaumu kijana anayezichora, ana kodi ya chumba na watoto. Namlaumu mwandishi, ambaye hakuna mtalii aliyemwagiza lolote, lakini naye anaandika kwa rangi za duka la zawadi. Wewe nani amekulazimisha jua lako liwe la chungwa? Unaandika kwa Kiswahili, kwa mtu wa Igoma na Nyakato anayeliona jua hilo kila siku likizama nyuma ya vumbi!

Utajiri wa majivu

Mwandishi atajitetea: mchoraji ana makopo, mimi nina maneno tu, na Kiswahili kina majina machache ya rangi. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na kwa mtazamo wangu wanaoitoa hawajakisikiliza Kiswahili.

Ni kweli kwamba rangi zenye vivumishi kamili, vinavyofuata ngeli, ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hata tanakali zetu ni za hizo: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu pyu. Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha mwaka 1969 utafiti juu ya majina ya rangi katika lugha nyingi, wakasema kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayo hayo: weupe, weusi, wekundu. Nami naongeza kwamba ndizo rangi za ukuta wa Bayeye, na ndizo rangi za khanga ya kisutu inayovaliwa kwenye arusi za pwani. Sidhani kama ni bahati tupu.

Lakini zilizobaki je? Kijivu ni jivu. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa. Manjano ni ile bizari ya jikoni. Zambarau ni tunda linalotia meno doa. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Na mtaani tuna rangi ya ugoro, rangi ya udongo, rangi ya maziwa, damu ya mzee. Msomaji unaona? Mwandishi wa Kiswahili hawezi kutaja rangi bila kuingiza kitu ndani ya chumba. Ukisema shati la kijivu, umeleta majivu. Ukisema gauni la damu ya mzee, umeleta mzee na umeleta damu, na kama ni gauni la arusi, basi umeshaanza hadithi nyingine kabisa. Wengine wanaona huu ni upungufu. Mimi naona ni makopo ambayo hayakufunguliwa.

Ndugu yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa kwa shida miaka ya 1980 mwanzoni, karibu na kifo chake. Anayeisoma hakuti rangi zilizomwagwa kama mapambo. Anakuta vitu: mimea, mifugo, dawa, pombe, samaki, kazi za mikono zinazoelezwa hatua kwa hatua. Rangi zinakuja zenyewe zikiwa zimebebwa na vitu hivyo. Mwandishi aliyetaja kitu sawasawa ameshapaka rangi nusu ya picha.

Ziwa si la buluu

Hebu tujaribu hapa hapa. Katika miswada ya vijana Ziwa Victoria ni la buluu. Simama Mwaloni Kirumba, au panda kivuko cha Kamanga, halafu uniambie. Kwa mbali mchana, ndiyo, maji yanaazima rangi ya anga. Lakini kandokando ya mji mara nyingi ni kijani, tena kijani kizito. Sehemu kubwa ya kijani hicho ni mwani unaostawishwa na mbolea inayosombwa kutoka mashambani na uchafu unaotoka mijini. Kingine ni gugumaji, mgeni aliyeingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwafungia wavuvi njia. Baada ya mvua, penye mto, maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Jioni, nyuma ya mawe yetu makubwa ya Mwanza, yanageuka kijivu sawa na mawe yenyewe, huwezi kujua jiwe linaishia wapi.

Kwa hiyo aliyeandika "buluu" hakukosea urembo tu, amepoteza habari. Kijani kile kingemweleza msomaji juu ya mvuvi, juu ya mtaro wa mtaa wa mlimani, juu ya mtoto anayechota maji. Rangi ni habari, na mwandishi wa kwetu anayeinakili kutoka kwenye kadi ya posta anajinyima habari za nyumbani kwake.

Na usisahau mwanga. Isaac Newton alionyesha tangu mwaka 1666, kwa kipande cha kioo chenye pembe tatu, kwamba rangi zote zimo ndani ya mwanga wa jua. Ukibadilisha mwanga, umebadilisha rangi. Eneo la Makoroboi katikati ya jiji letu limepewa jina kutokana na koroboi, vile vibatari vya bati vilivyokuwa vikifuliwa pale. Mbele ya koroboi, shuka jeupe ni la manjano, buluu inakaribia nyeusi, na nyuso zote zinavaa wekundu kidogo. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakitumia karabai, zikaonekana ziwani usiku kama mji wa manjano. Siku hizi wengi wanatumia taa za sola, na mji ule umekuwa mweupe wa baridi. Riwaya inayotokea usiku wa mwaka 1975 na riwaya inayotokea usiku wa leo haziwezi kuwa na rangi moja. Kabla hujaandika rangi ya usiku, jiulize ni taa gani imewashwa.

Bibi mwenye macho mekundu

Sasa nimefika nilipokuwa nakwenda.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Habari hizi zilikuwa za kawaida magazetini miaka ya 1980 na 1990, na ziliendelea baada ya hapo. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji hayo ya Usukumani mwaka 1994. Yana sababu nyingi, zikiwemo ugomvi wa mashamba na urithi, wivu, ramli za waganga. Lakini katika tuhuma hizo kuna kitu kimoja kinachonihusu mimi kama mtu wa kalamu: rangi. Bibi alikuwa na macho mekundu, na macho mekundu yalisomwa kuwa ni ya mchawi.

Sote tunajua macho yale yalivyopata wekundu. Ni moshi. Ni miaka hamsini ya kuinama mbele ya mafiga matatu, kuni mbichi, na mahali miti ilipokwisha, samadi kavu ya ng'ombe. Ni koroboi inayofuka ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Yaani macho yamekuwa mekundu kwa sababu bibi amepika. Amewapikia hao hao wanaomnyooshea kidole.

Sasa tazama kazi ya mwandishi. Nitatunga sentensi chache mimi mwenyewe, nisimsingizie mtu. Za kwanza ni hizi:

"Usiku ulikuwa mweusi tii. Bundi alilia juu ya paa. Mlango ukafunguka taratibu, Bibi akatoka, macho yake mekundu yakiwaka kama makaa."

Halafu hizi:

"Bibi aliinama akapuliza moto. Moshi wa samadi ulimrudia usoni, kijivu, mzito. Alipoinua kichwa kuniuliza kama nimekula, macho yake yalikuwa mekundu yanatiririka, akayafuta kwa upindo wa khanga."

Wekundu ni ule ule. Bibi ni yule yule. Nilichobadilisha ni majirani. Katika sentensi za kwanza nimeweka weusi, bundi na makaa, na hapo huhitaji kuambiwa kitu. Katika za pili nimeweka jivu, chakula na khanga. Ni kanuni ile ile ya uzi mweusi wa Paris: uzi haukubadilika, kilichobadilika ni kinachokaa pembeni yake. Ila pale Paris aliyeumia alikuwa mteja mwenye zulia. Hapa kwetu anayeumia ana shingo.

Najua pingamizi linalokuja. Tulipokuwa kidato cha tatu na cha nne tulifundishwa ishara: nyeupe ni usafi, nyeusi ni msiba, nyekundu ni hatari. Mtu atasema, fasihi inaishi kwa ishara, na mwandishi hawezi kubeba dhambi za wauaji ambao hata hawasomi riwaya. Tena atasema wachoraji wakubwa nao walitumia ishara.

Ni kweli walitumia, lakini tuangalie walivyotumia. Vincent van Gogh mwaka 1888 alichora mkahawa wa usiku huko Arles, Ufaransa, na katika barua kwa mdogo wake akaeleza kwamba alitaka kuonyesha tamaa mbaya za binadamu kwa nyekundu na kijani. Kwa nyekundu na kijani, siyo kwa nyekundu peke yake! Kuta nyekundu, dari ya kijani, meza ya mchezo ya kijani, taa za manjano. Alijua nyekundu haisemi neno mpaka apewe mtu wa kubishana naye. Na hata hizo ishara za daftari letu la kidato hazisimami peke yake. Nyeupe ni shela ya bibi arusi, na nyeupe ni sanda. Nyekundu ni hatari barabarani, lakini kwa shabiki wa Simba ni sikukuu. Ishara ni makubaliano ya mahali fulani kati ya vitu fulani. Mwandishi anayeichukua kama sheria ameacha kutazama, anakariri.

Ama kuhusu wauaji wasiosoma, sijasema riwaya inashika panga. Nasema kwamba fikra ya macho mekundu inaishi kwa kurudiwa, kwenye masimulizi ya jioni, kwenye filamu, kwenye mzaha wa vijiweni, na sisi tunairudia mara moja zaidi, tena kwa maandishi yanayodumu. Halafu tunaita ubunifu. Ubunifu wa wapi? Bibi mchawi mwenye macho mekundu ni sawa na twiga mweusi kwenye jua la chungwa. Ni mchoro wa dukani, tofauti ni kwamba huyu ni mtu.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao waliwindwa na kuuawa Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Soma jinsi wanavyoandikwa: weupe wao unawekwa pamoja na mzimu, mwezi, mfupa. Ni majirani wa kaburini watupu. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Sisemi uteuzi mmoja ulimaliza mauaji, haukuyamaliza. Lakini ngozi ile ile ikaanza kuonekana ikiwa na majirani wengine: kiti cha Bunge, miwani, makaratasi, kipaza sauti. Watu wakaanza kusoma upya. Mwandishi anayo madaraka madogo ya namna hiyo kila anapoandika kivumishi. Yeye ndiye anayepanga nani akae karibu na nani.

Sisemi bibi katika riwaya asiwe mwovu. Mwache awe mwovu, vikongwe waovu wapo kama vijana waovu walivyo wengi. Lakini uovu wake utoke katika anachotenda, tukiuona katika mchana wa kawaida, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Na kama ana macho mekundu, tuambie na moshi uko wapi.

Wito wangu kwa wenzangu ni mdogo. Ukimaliza sura, ipitie tena ukitafuta rangi peke yake. Kila ukiikuta, iulize: umebebwa na kitu gani? Taa gani inakumulika? Nani amekaa pembeni yako, na ni mimi niliyemweka au nimemkuta hapo? Utafuta nyingi. Zitakazobaki zitakuwa chache kama makopo ya Tingatinga, na kila moja itakuwa na kazi. Kwa mtu ambaye hawezi kununua hata brashi, hii ni shule ya uchoraji isiyo na ada.

Atakayenipinga anipinge kwa maandishi, kurasa hizi zipo. Lakini asinijibu kwa nadharia tupu. Aniletee ukurasa wake mmoja wenye bibi, moto na macho mekundu, tuusome pamoja.